Kiherehere na Mwiba wa Taa

Kila asubuhi ya likizo, maji yalipoanza kupwa, shangazi alikunja suruali hadi magotini, akabeba ndoo ya chambo, na kutuongoza kwenye fungu la mchanga. Huko maji yalikuwa mafupi na ya moto, na samaki walionekana kama vivuli vinavyokimbia.

Mimi waliniita Kiherehere. Kusimama na mshipi wa kuvulia mkononi bila kusogea kulinitesa kuliko jua.

"Buruza miguu!" shangazi alinikumbusha asubuhi moja. "Samaki taa hujifukia mchangani. Ukimgusa taratibu, atakimbia. Ukimkanyaga, atakuchoma kwa mwiba wa mkia wake."

"Mama, huyu anapiga maji kama bata," mwanawe, Domo, alicheka. "Samaki wote wamehama."

"Nikiuona tena mguu wako juu, Kiherehere, kesho unabaki nyumbani kuosha vyombo," shangazi akaonya.

Niliburuza. Niliburuza mpaka nikaona kivuli kipana kikipita mbele yangu. Moyo ukaruka, na miguu ikaufuata. Nilipiga hatua moja kubwa, kitu laini kikajipinda chini ya unyayo wangu, na maumivu makali yakanipanda hadi kwenye paja.

Nilimeza kilio.

"Kulikoni?" shangazi aliuliza.

"Nimejikwaa tu."

Nikasimama kwa mguu mmoja huku damu ikitawanyika majini. Nilimpa shangazi mgongo ili asiione. Kubaki nyumbani kuosha vyombo? Bora nivumilie.

"Leo Kiherehere ametulia!" Domo alisema. "Kesho jua litachomoza magharibi."

Jasho baridi lilinitoka, na mguu ulikuwa ukidunda kama ngoma. Maji nayo yalikuwa yameanza kujaa.

"Twendeni," shangazi alisema akikunja mshipi wake. "Tuvuke mkondo turudi pwani kabla haujatushinda."

Wao wakatangulia. Nilipokanyaga, mguu ukakataa kunibeba. Nikajaribu tena. Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni, na wao walikuwa wakizidi kuwa mbali.

"Shangazi!" nililia. "Nimechomwa! Nimechomwa tangu muda ule!"

Aligeuka mbio. Aliiachilia ndoo yenye samaki wetu wote, akanibeba mgongoni, na Domo akamshika mkono. Katikati ya mkondo maji yalimfika shangazi kifuani.

Nyumbani shangazi aliuzamisha mguu wangu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, na maumivu yakaanza kulegea. Kisha akanipeleka zahanati. Muuguzi alitoa kipande cha mwiba, akasafisha jeraha na kunichoma sindano.

"Shangazi, sitarudi tena?" niliuliza tuliporudi nyumbani, nikiogopa kumtazama.

Aliketi pembeni yangu. Suruali yake ilikuwa bado imelowa.

"Utarudi jeraha likipona. Kuinua mguu ni kosa la mwanafunzi, hata mimi nilichomwa nilipokuwa najifunza. Lakini ulipoficha, mwanangu, hukuficha mguu wako peke yake. Ulimficha Domo hatari, ukanificha na mimi, na bahari ilikuwa inajaa. Mwenye kuumia aseme mapema, maana tungevuka mkondo maji yakiwa bado mafupi."

Nikaitikia kwa kichwa. Domo akajipenyeza mlangoni na kikombe cha chai, akanipa bila utani wowote.