Nilimngoja Kama Yule Dada wa Muvi

Nina miaka thelathini na sita, nasuka nywele Kawangware, na nina mtoto mmoja wa kike. Wasomaji wenzangu, nimechoka. Hata hasira imeniishia...

Usichana wangu niliumalizia Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Nyuma ya wauza samaki wa omena kulikuwa na banda la video, na dijei wa hapo aliitwa Oduor. Mnajua kazi ya dijei wa muvi: Kizungu kinapunguzwa sauti, yeye anashika maikrofoni na kusimulia picha nzima kwa lugha yetu, wazungu wanaitana "buda" kama vijana wa mtaani, na watu wanavunjika mbavu. Ah, sauti ya Oduor!

Siku aliyoniteka tulikuwa tunaangalia zile muvi za jasusi zisizokwisha. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Jasusi amezeeka, vita ni vya kusukumana, watu wanasinzia kwenye mabenchi. Lakini mwishoni dada anayempenda amebaki peke yake kituo cha treni, analia, na jasusi yuko ndani ya gari, simu sikioni. Oduor akamtilia maneno: "Usitoke hapo, mrembo. Nageuza gari nakuja!" Banda zima likapiga makofi, muvi ikazimwa. Mimi nililia. Mwanamume wa kusema hivyo, si ana moyo?

Tukaoana, Brenda akazaliwa. Alipoanza shule, baba yake akaenda Mombasa kutafuta kazi ya redio. Akanipigia: "Usitoke hapo, Mama Brenda. Nakuja." Maneno ya jasusi! Nilifurahi kama mtoto.

Sikutoka. Mvua iliingia hadi kitandani, sikuhama, asije akarudi akanikosa. Fundi mmoja mpole wa Silanga aliniomba tuanze maisha, nikamkataa. Simu zikapungua, kisha zikaisha... Kumbe alikuwa ameoa huko huko! Nilibeba mtoto na aibu yangu, nikahamia Kawangware.

Mwaka huu akapiga tena. Yule mwanamke amemfukuza, anataka kurudi kwangu. "Si unakumbuka hata jasusi alimrudia yule dada?" Na mimi, mjinga wa watu, moyo ukalainika! Nikamwambia aje Jumapili. Nikaanza hata kufua mapazia.

Katikati ya wiki hiyo, mchana, saluni haikuwa na wateja, na televisheni ikaleta muvi ile ile. Bila dijei. Kizungu chake chenyewe, maneno yameandikwa chini. Mama Shiro, mwenye saluni, akataka kubadilisha: "Hii ni takataka, ai!" Nikamwomba aiache. Kizungu changu si cha kuhutubia, lakini kusoma nasoma.

Dada akalia kituoni. Jasusi akashika simu... Hakuwa akiongea naye! Upande wa pili alikuwa bosi wake, anamwuliza kama kuna chochote amesahau kule. Jasusi akajibu hakuna. Gari likaenda zake, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Halikugeuka!

Miaka yote ile niliishi ndani ya mwisho uliotungwa!

Jumapili Oduor alikuja na begi. Nilimsimamisha mlangoni nikamwuliza jasusi alikuwa anaongea na nani. Akacheka.

"Aki Mama Brenda, hiyo muvi ilikuwa imeboeka. Wasee walikuwa wanalala. Ilibidi niwapee mwisho poa."

"Na mimi je?"

Nikamwambia abebe begi lake aende, na sikupaza sauti. Nguvu ya kupaza sauti ningeitoa wapi? Kisha nikatundika mapazia; sikuyafua bure, maana yalikuwa yamechafuka kweli.

Dada zangu, mtu mwenye sauti tamu akikusimulia maisha yako, ipunguze kwanza uangalie picha yenyewe. Gari linageuka, au linaenda? Mimi nilikaa kituoni ujana wangu wote, nikimngoja mtu aliyekwisha kusema hakuna alichosahau. Tafadhali, nyinyi msikae.