Donda Lililokwanguliwa

Harufu ya udi ilianza Jumanne, na nyumbani kwa Tunu udi haukuwahi kuingia. Alifungua dirisha, akafua hata neti ya mtoto. Harufu ikabaki palepale, chini ya msalaba wa jumuiya.

Kwaresima ile ya mwaka 2014 msalaba ulikuwa ukihama nyumba hadi nyumba pale kijijini Titye. Kila nyumba ilikaa nao wiki moja, na Ijumaa saa tisa wanajumuiya walikuja kusali na kubusu madonda matano ya Bwana. Zamu ya Tunu ilimkuta mwanawe Chantal ana homa isiyoshuka. Mganga mpita njia akamnong'oneza: "Kwangua wekundu wa ubavuni mwa Yesu wenu, mfungie mtoto shingoni." Tunu alijua ni dhambi. Akachukua kisu cha jikoni, akakwangua, akaufunga unga ule kwenye kitambaa shingoni mwa mtoto.

Homa ilishuka. Lakini Chantal akaacha kunyonya.

Alhamisi mchana Tunu alisikia tone likianguka, kisha jingine, ndani ya chumba kikavu, akageuka akamwona mtoto wa miezi minne, ambaye bado hajajua kukaa, ameketi wima mkekani, macho yamemkazia, midomo imefumba, na sauti ikatoka kwenye kile kifundo cha kitambaa shingoni, sauti ya Tunu mwenyewe, ya chini, ya kubembeleza: "Usiwaambie. Nifiche, nami nitakuficha."

Alijaribu kukikata. Kifundo kikakaza, mtoto akakoroma. Akaacha.

Ijumaa wakaja. Bibi Antoinette, mwenyekiti wa jumuiya, alimletea uji wa ulezi. "Umekonda, Mama Chantal. Kunywa kwanza, Yesu atasubiri." Watu wakacheka. Tunu akaonja, akauweka chini.

Sala ikaanza. Bibi Antoinette akabusu mikono, akabusu miguu, akafikia kitambaa cha zambarau ambacho Tunu alikuwa ameizungushia sanamu ya Yesu hadi kifuani.

"Mbona umemvika Bwana shati?"

Matone yakaanza tena, yakienda mbio sasa, na udi ukajaa puani, na Chantal mgongoni akaanza kukoroma kifundo kikimkaba, na Tunu akaona nyuso zote za watu waliowahi kumchotea maji alipojifungua zikimtazama, akatamani ardhi immeze.

"Nilimkwangua," akasema. "Nilimfanya Bwana dawa. Nilichokwangua kimo shingoni mwa mtoto."

Mtu akafyonya. Bibi Antoinette akamfungua mtoto mgongoni.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema taratibu, "Bwana alipofufuka madonda hakuyafunika. Aliwaonyesha walewale waliomkimbia."

Kifundo kikalegea kwenye vidole vyake. Kitu cha baridi, kilicholowa, kikapita katikati ya magoti yao kuelekea mlangoni, na nje kuku wakatawanyika wakipiga kelele. Chantal akalia, kilio cha njaa.

Bibi Antoinette akaondoa kile kitambaa cha zambarau, akabusu ule weupe uliokwanguliwa. Wakafuata wote, mmoja mmoja, hata aliyefyonya. Msalaba ukafika kwa Tunu, naye hakuweza kuinua uso. Basi yule bibi akapiga magoti sakafuni, akaushusha hadi pale macho ya Tunu yalipokuwa yameinamia.