Duara la Sindano

Maiti ilikuwa kitandani, chali, uso umevimba, mkono wa kulia umefungwa kitambaa hadi shingoni. Marehemu alikuwa fundi rangi. Tangu aanguke ngazini bega lake lilikataa kupona, na hata kitana kilimshinda kushika.

Inspekta, mtu mzima asiyependa mbwembwe, alifunua shati. Alama za sindano zilikuwa zimezunguka kitovu kwa mpangilio, hakuna mahali palipodungwa mara mbili. Kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, alikuta vichupa vitatu. Lebo ilisema: "Kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu."

"Alijidunga mwenyewe," dada wa marehemu alisema upesi mno. Alikuwa bado na sare yake ya uuguzi.

"Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Mama yangu ana kisukari, dada. Muuguzi ndiye aliyetufundisha kuzungusha sindano hivi. Mkono usiozoea ungechomachoma ovyo. Hapa kuna mtu aliyeijua kazi yake."

Dada alilishusha shati la kaka yake, akazifunika alama.

Mchana daktari aliyempasua marehemu akapiga simu. "Moyo ulisimama. Vichupa vina peptidi, vipande vya protini. Wanasema vinaunga misuli, lakini vimejaribiwa kwa panya. Kwa watu, madhara yake hakuna anayeyajua vizuri."

"Ndiyo iliyomuua?"

"Siwezi kuapa. Wala siwezi kukana."

Inspekta alipomweleza, dada aliketi sakafuni pu.

"Ni mimi. Niliagiza mtandaoni. Bega hilo ndilo lililonisomesha, afande! Kaka alipaka kuta za watu miaka saba ili nivae sare hii. Hospitali wakamwambia avumilie tu. Mimi ningevumilia vipi?"

"Ukamfanya panya."

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na Inspekta alijuta papo hapo.

"Panya nilikuwa mimi." Dada alipandisha blauzi. Kitovu chake kilizungukwa na alama zilezile. "Wiki sita nilijidunga. Nilipojiona mzima, nikampa dozi ileile. Siku ya tisa tu akafa, afande. Sasa muulize daktari, na mimi je?"

Inspekta alipiga simu, akauliza.

"Mlete," daktari alisema. "Ila sijui nimpime nini."