Galoni Mia Tisa

Jumamosi ya mwisho ya Agosti foleni ya kufunga bei ya gesi ya kupashia nyumba joto ilitoka mlangoni mwa ofisi, ikazunguka uwanja wa magari, ikafika hadi ukutani mwa duka la matairi. Kampuni ilikuwa imetangaza dola moja na senti themanini na tisa kwa galoni, kwa yeyote atakayelipia msimu mzima kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa angenunua kwa bei ya siku, na bei ya siku mwezi wa Januari, huko kaskazini mwa Michigan, hakuna aliyependa kuiwaza. Watu walikuja na viti vya kukunja. Kando ya mlango palichomwa soseji za bure, na jua lilivyokuwa kali, habari za baridi na theluji zilisikika kama mzaha.

Rhonda Peltier alikuwa amevaa gauni la kitani rangi ya limau na viatu vya wazi, nywele zake zenye mvi kazibana kwa nyuma. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mpishi wa shule ya mjini, mjane kwa mwaka wa sita. Alishika mkoba wake mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda basi la wageni.

"Samahani, mama," sauti ilisema nyuma yake. "Hii foleni ya gesi au ya soseji?"

"Ya gesi. Wenye akili wako kwenye ile ya soseji."

Mwanamume yule alicheka kidogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yamemwiva kwa jua, na shati lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Rhonda aliitazama ile mikunjo kuliko alivyomtazama mwenyewe.

"Unafunga galoni ngapi?" mwanamume aliuliza.

"Swali hilo mwanamke haulizwi siku ya kwanza."

Masikio yakazidi kuiva. "Basi nianze mimi. Naitwa Verlin Tormala. Mia nane."

"Nyumba yako ndogo."

"Ya mama, marehemu. Nimeiziba kila tundu."

"Mimi Rhonda. Mia nne."

"Unapitisha msimu kwa mia nne?"

"Napitisha kwa mia tisa," Rhonda alisema. "Pesa niliyonayo ni ya mia nne."

Verlin hakutoa pole. Alifikiri, akasema basi azitumie zile mia nne mwanzoni mwa msimu na kuombea Februari iwe laini. Rhonda alipenda kwamba hakumwonea huruma. Foleni ilikwenda kwa saa mbili, na walipofika dirishani walikuwa wameshakula soseji tatu kwa pamoja na kubadilishana namba za simu, kwa kisingizio kwamba Verlin anajua fundi mzuri wa matanuru ya kupashia nyumba joto.

Fundi yule hakupigiwa kamwe. Verlin ndiye aliyepiga, kila siku saa kumi na mbili jioni, akishatoka kazini. Alikuwa dereva wa wilaya: kiangazi anaziba mashimo ya barabara, baridi ikija anaendesha gari la kusukuma theluji.

"Umekula nini, mpishi?"

"Mkate na siagi ya karanga. Nimewapikia watoto mia tatu, halafu nijipikie tena?"

"Ijumaa nakupeleka ukale samaki."

"Unanipeleka kama nani?"

"Kama mtu mwenye njaa."

Ijumaa ikaja, na nyingine, na nyingine. Walikaa kwenye meza ya pembeni katika baa ya njia panda, samaki wa kukaanga mbele yao, na watu wakaanza kuwaulizia mmoja kwa mwenzake. Oktoba Verlin alimshika mkono wakiwa kwenye maegesho. Novemba alimwita "mpenzi" kwenye simu, kwa bahati mbaya, kisha akanyamaza hadi Rhonda alipomwambia, "Endelea, nimesikia, sijafa."

Theluji ilipoanguka, kila mmoja aliwasha tanuru lake. Nyumba zao zilikuwa umbali wa maili kumi na moja. Ya Rhonda ilijengwa na mumewe, Leland, kwa mikono yake, miaka thelathini iliyopita: madirisha makubwa ya kutazama msitu, dari ndefu, na ghorofa ya juu yenye vyumba vya watoto ambao hawakuwahi kupatikana. Ilikuwa nzuri mno na ilikula gesi kama lori. Rhonda alikwishafunga ghorofa ya juu kwa blanketi mlangoni, na swichi ya joto aliishusha hadi digrii hamsini na nane za Fahrenheiti, yaani baridi ya kuvalia sweta mbili sebuleni. Verlin alipokuja kula alikula na koti. Kila akiingia, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye ile swichi ukutani.

Jumapili moja ya Desemba, Rhonda alipika mchuzi wa nyama ya kulungu. Alikuwa amevaa blauzi nyekundu ambayo kwa miaka sita haikutoka kabatini. Walipomaliza kula, Verlin alivuta bahasha iliyokuwa mezani, akatoa kalamu mfukoni.

"Nimekuwa nikipiga hesabu," alisema.

"Ya nini?"

"Wewe mia tisa, mimi mia nane. Jumla elfu moja na mia saba." Aliandika. "Tukiwa nyumba moja, tuseme kwangu, ni mia nane zilezile. Nyumba haiongezi gesi kwa sababu kuna mtu wa pili ndani. Tunaokoa mia tisa kila mwaka, Rhonda. Kila mwaka."

Rhonda aliitazama bahasha, kisha uso wake. Ulikuwa mkavu na makini, kama uso wa karani.

"Na hii nyumba?"

"Tunayatoa maji yote kwenye mabomba, tunaifunga. Bila moto haiwezi kukaa na maji, yataganda na kupasua mabomba. Wakati wa kiangazi unaweza kuja kuiangalia."

"Kuiangalia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi ni galoni mia tisa," Rhonda alisema.

"Sikusema hivyo."

"Umeandika. Iko hapo." Aliinuka, akalichukua koti la Verlin lililokuwa kwenye kiti, akampa. "Mwanamume anaweza kumwambia mwanamke mambo mengi mezani, Verlin. Leland alinijengea madirisha. Wewe unataka kunizimia tanuru. Nenda nyumbani kwako, kuna joto."

Alikwenda. Hakubishana, na hilo ndilo lililomuuma Rhonda zaidi. Jioni iliyofuata saa kumi na mbili simu haikulia. Wala ile ya baadaye. Ijumaa alipita kwenye baa, akamwona kupitia dirisha amekaa peke yake kwenye kaunta, mgongo umepinda, akaendelea na safari bila kushuka garini. Krismasi alikwenda kwa dada yake akarudi. Watu waliacha kumuulizia Verlin.

Wiki ya mwisho ya Januari baridi ilifika digrii ishirini na tano chini ya sifuri, na shule zikafungwa. Galoni mia nne za Agosti zilikuwa zimekwisha siku nyingi, na Rhonda alikuwa akinunua kidogo kidogo kwa bei ya siku. Geji ya tangi nje ilisoma asilimia sita. Rhonda alipiga simu ofisini.

"Bei ya leo ni tatu na senti kumi," mama wa ofisini alisema. "Na ukitaka leo ni safari ya dharura, dola mia moja ishirini na tano juu yake. Lakini hata ukilipa, dada yangu, boza la gesi haliwezi kupanda kwako. Barabara yenu imejaa. Pengine kesho."

"Kesho mabomba yatakuwa yamepasuka."

"Najua. Fungua bomba zote zitiririke kidogo kidogo."

Rhonda akafungua. Akavuta godoro hadi jikoni, akawasha hita ndogo ya umeme, akakaa juu ya kiti na kofia ya Leland kichwani akisikiliza maji yakidondoka. Alitazama yale madirisha makubwa. Yalikuwa yameota barafu kwa ndani, nene kama kidole. Kwa mara ya kwanza tangu ajengewe aliyachukia, kisha akaona aibu.

Saa tisa alasiri alisikia mlio mzito ukipanda kilima. Gari la theluji la wilaya lilitokea kwenye kona likirusha wimbi jeupe pembeni, likapita, likageukia mwisho wa barabara, likarudi likichonga upande wa pili, kisha likaingia hadi mlangoni kwake na kusafisha njia ya kufikia tangi. Boza la gesi lilikuwa likifuata nyuma yake. Verlin alimwinulia vidole viwili juu ya usukani, akaondoka.

"Kilima hiki si zamu yake," dereva wa boza alisema akivuta mpira wa gesi kwenye theluji. "Amemaliza zamu tangu saa nne. Alipiga ofisini kuuliza kama una gesi, kisha akanipigia akasema nimfuate."

Rhonda alisaini karatasi bila kusoma jumla. Tanuru lilipowaka alingoja mpaka mikono ikalegea kwa joto, ndipo akampigia Verlin.

"Uko wapi?"

"Kwenye yadi ya kokoto ya wilaya. Nakunywa kahawa."

"Ungeshuka."

"Uliniambia niende nyumbani kwangu."

"Hiyo ilikuwa Desemba." Akaivua kofia ya Leland. "Nataka kukuuliza kitu, unijibu bila kalamu. Gesi ingekuwa ya bure, ungeniomba tukae pamoja?"

Kikombe cha kahawa kilisikika kikiwekwa chini.

"Ningekuomba tangu Septemba," Verlin alisema. "Sikuwa na namna ya kuanza. Naogopa kusema kitu nisichoweza kukihesabu."

"Sema hicho, basi."

"Jioni, nikishakata simu yako, nyumba inakuwa kubwa. Nakaa garini kwanza kabla ya kuingia. Hivi wiki sita nakaa garini bila kupiga."

Rhonda alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Njoo ule, mpenzi. Kuna pasti, vile vikate vya kuoka vyenye nyama na viazi ndani. Na uvue koti, leo kuna joto."

Walikula. Hawakuongea habari ya nyumba mpaka Jumapili ya pili, na Verlin ndiye aliyeianzisha. Alisema yeye ndiye atakayehamia kwa Rhonda.

"Yangu inakula gesi," Rhonda alisema.

"Naijua inavyokula."

Jumamosi ya katikati ya Februari walikwenda pamoja kuifunga nyumba ya Tormala. Rhonda hakuwahi kukaa humo kwa muda mrefu. Ilikuwa ndogo na safi, mapazia mazito, na chumba cha mama kilichokuwa na kitanda kilichotandikwa na kiti cha magurudumu kimekunjwa ukutani. Verlin alikuwa amevaa ovaroli mpya. Alipanga zana zake sakafuni kwenye chumba cha tanuru, chini ya nyumba: spana, ndoo, madumu ya dawa ya rangi ya waridi inayomiminwa kwenye masinki ili maji yaliyobaki yasigande. Alijua kila hatua. Aliweka kidole kwenye swichi ya tanuru, na kidole kikabaki pale.

Rhonda alingoja. Tanuru liliendelea kunguruma.

"Mwisho mwisho mama alikuwa hapati joto," Verlin alisema bila kugeuka. "Damu ilishakuwa nyepesi. Nikaweka swichi themanini, miaka miwili, mchana kutwa. Galoni elfu mbili mwaka wa mwisho. Niliuza boti, na bunduki ya baba. Yeye kila siku ananiuliza, Verlin, hatutumii sana? Namwambia hapana, mama. Bei imeshuka."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia siku ya bahasha. Rhonda aliisikiliza, na safari hii akaielewa.

Alisogea, akautoa mkono wa Verlin kwenye swichi polepole, kama mtu anayemwondolea mgonjwa kijiko.

"Iache iwake," alisema.

"Rhonda, tutakuwa tunalipia mbili."

"Hadi majira ya kuchipua. Ishushe hadi arobaini na tano, mabomba yasife. Tutaifunga kukiwa na jua na madirisha wazi."

"Ni galoni mia mbili na hamsini hivi. Kwa bei ya leo, ni karibu..."

"Najua kuhesabu," Rhonda alisema. "Zote mbili ni zetu. Tutalipa."

Verlin aliufuta mkono kwenye ovaroli, ingawa haukuwa mchafu. Alimtazama kwa muda, masikio yameiva, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupiga goti kati ya ndoo na tanuru, alimwomba waoane akiwa amesimama. Rhonda alisema ndiyo. Kisha wakapanda juu wakachemsha kahawa, wakainywa jikoni kwa mama, wamevua makoti.