Propela ya Mtumbwi wa Hyasinti

Ningekuwepo mimi, fundi wa kufungua injini za malori ya makaa ya mawe mgodini Ngaka huku nimefumba macho, haya yasingetokea. Yalimpata rafiki yangu Aidan, huko ziwani Nyasa.

Aidan alifunga injini ya gari nyuma ya boti lake, akakosa propela. Basi akaichonga kutoka kwenye mtumbwi wa marehemu Hyasinti, aliyezama ziwani asipatikane. Kwao, mtumbwi wa aliyezama huachwa uoze ufukweni, haukatwi.

Mjane wake, Mama Notburga, akamfuata bandani alikoweka boti.

“Mwanangu, mtumbwi ule ndio kaburi langu. Sijazika hata ukucha wa mume wangu.”

“Shikamoo, mama. Huo ni mti mkavu tu, hauna mtu.”

Akakaza nati, akawasha. Banda halina dirisha, giza tupu. Propela ikavuma, kisha ikaanza kukoroma kama mtu anayemeza maji kwa pupa. Mti ule mkavu ukarusha ute mzito, unaonuka samaki aliyeoza, ukamjaa Aidan usoni hadi mdomoni. Akazima, akatapika kwenye ndoo, akatema. Kitu kigumu kikagonga ndoo.

Mama Notburga akakipapasa, akakifunga kwenye pindo la khanga. Ulikuwa ukucha wa mtu.

“Washa tena, mwanangu,” akasema. “Zimebaki kucha kumi na tisa.”