Mkono Uliosema Unauma

"Usinishike huo mkono."

Kocha wa tenisi akarudisha kiganja chake mfukoni kama mtoto aliyekutwa jikoni. Mchumba wake, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Wiki ya pili sasa cherehani imefunikwa kitambaa.

"Nimekuja tuongee."

"Uliongea uwanjani, mbele za watu. Eti mimi mvivu, mkono wangu umelala. Nikakikunja kifundo kwa nguvu kama ulivyotaka, mpaka kikalia ko."

"Mpira wa kuanzia hupigwa hivyo, mpenzi. Nguvu iko kwenye kifundo."

"Haya. Pete nimeivua. Kakioe hicho kifundo."

Mlango ukafungwa.

Kocha akaenda uwanjani anafoka peke yake. Akaegemeza simu kwenye benchi, akajirekodi akipiga, amtumie ushahidi. Akaitazama video polepole. Kiwiko kikapanda, bega likazunguka, kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, kikageuka hata kiganja kikatazama nje. Na kifundo? Kimelegea, kimetulia. Kilikunjika chenyewe, mpira ukiwa umeshaondoka.

Akarudia mara tano. Miaka tisa amefundisha anachohisi, si anachofanya. Masikio yakamchoma kwa aibu.

Akaandika: "Nilikosea mimi. Mkono wako hauna kosa."

Jioni simu ikaita. Mama mkwe.

"Baba, kitendawili."

"Tega, mama."

"Namjua mtu, hutukana hadharani, huomba radhi kwa meseji."

"Ni mimi, mama."

"Umepata. Na hao wengine uliowafundisha, wana mikono ya chuma?"

Jumamosi akawakusanya wanafunzi wote, akawaonyesha video.

"Mimi mwenyewe sifanyi ninachowaambia. Kifundo hakilazimishwi. Geuzeni bega na kigasha, kifundo kiacheni kifuate."

Mwanafunzi mmoja, kinyozi, akajipapasa mkono. "Kumbe nimejikanda kwa maji moto bure miaka miwili?"

Watu wakacheka. Kocha hakucheka.

"Mchumba wangu nilimwita mvivu hapa hapa. Hakuwa mvivu. Alinitii kuliko nilivyostahili."

"Umemaliza?"

Akageuka. Fundi yuko getini na mama yake.

"Nimemaliza."

"Siku ile nilisema mara tatu, unauma. Ulinisikia?"

Angeweza kusingizia upepo, kelele, mipira. Akainamisha kichwa.

"Nilikusikia."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Watu walikuwa wanatazama. Niliona haya, mchumba wa kocha ashindwe."

Kinyozi akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Hilo ndilo nilikuwa nangoja," fundi akasema taratibu. "Kukosea kufundisha ningekusamehe siku ileile. Kunisikia ukanyamaza ndiko kulikonivua pete."

"Najua. Sina cha kujitetea."

Mama akamfinya fundi kiuno. Akauondoa mkono wa mama.

"Daktari amesema mkono upumzike wiki sita. Na kuna gauni la bibi harusi halijakatwa."

"La nani?"

"Langu."

Kocha akaweka raketi chini, akamsogelea.

"Njoo ulikate wewe, mimi nitakuelekeza. Na ukisema mkono umechoka, nitakusikia."