Baba Yako Hajaambiwa

"Hivi Futhi, unanipeleka kuwaangalia Wazulu? Mimi, Mzulu, binti Gumede?"

Mume wangu Mfanafuthi alicheka, macho kwenye simu. Likizo yetu ya kwanza tangu tuoane alikuwa ameshaipanga yote: Hluhluwe kutazama vifaru, kisha ufukweni Sodwana, halafu tumalizie kijiji cha watalii, tuchezewe ngoma na kuonjeshwa pombe ya mtama.

"Patakuwa pazuri, mpenzi. Kuna hata mganga."

"Mama yako anaishi Nongoma, pua na mdomo na mbuga. Halafu sisi tukalipie mila za kuigiza?"

Akaweka simu chini. Hapo ndipo palipouma. Tulifunga ndoa ofisini hapa Durban, harakaharaka, naye akamtumia mama yake picha kwenye WhatsApp. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Umeoa ofisini, kaa na ofisi yako." Mwaka mzima Futhi hajakanyaga kwao, na mimi mkwe wangu nilikuwa simjui hata sura.

"Hakutaki, Khethi," alisema kwa upole. "Sitaki akuaibishe."

"Akinikataa, anikatae ananiona. Sitaki kuwa mke wa kwenye picha!"

Hluhluwe tulikwenda. Vifaru tukawaona, tembo akatuzibia njia mpaka Futhi akaanza kusali. Nilicheka, lakini moyo haukuwepo. Asubuhi, mume wangu akiwa anaoga, nikampigia mama mwenyewe.

"Shikamoo mama. Ni Khethiwe, mke wa Futhi. Tuko Hluhluwe. Naomba kuja kukusalimia."

Nikasikia kuku tu.

"Njooni," akasema, akakata.

Kumwambia Futhi uso kwa uso nikaogopa. Nikamtumia ujumbe: "Nimempigia mama yako. Leo tunakwenda Nongoma. Ukitaka kununa, nunia njiani."

Akatoka bafuni na povu kichwani.

"We mwanamke, utaniua!"

"Vaa suruali, twende."

Tulipofika Nongoma nilifunga kitambaa kichwani, nikajifunika mabega, nikainamisha macho kama inavyompasa mke anayefika ukweni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, kama humtaki mke wangu..." Futhi akaanza.

"Nani kasema simtaki?" Mama akafoka. "Mwaka mzima namngoja! Mjinga ni wewe. Baba yako yuko kaburini, hajui kama mwanawe ameoa. Nitampaje mkeo maziwa mgando ya nyumba hii, na mwenye nyumba hajaambiwa? Au na yeye ulimtumia picha?"

Nikajiuma mdomo nisicheke. Futhi alikuwa ameangalia chini, masikio yamemwiva.

"Nilidhani umetufukuza, mama."

"Nilikukemea ili uachane na ofisi, urudi nyumbani!"

Akatuingiza kwenye nyumba ya msonge, akawasha impepho, majani yanayofukizwa kuwaita mizimu, moshi ukajaa. Futhi akapiga magoti upande wa nyuma, mahali pa wazee waliotangulia. Akamwita baba yake kwa jina la sifa la ukoo.

"Baba, Mphemba, nimechelewa kukuambia. Nimeoa. Huyu ni binti Gumede, ndiye anayenitunza. Mpokee. Na mimi nisamehe."

Akalia, mwanaume mzima. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Mbuzi akachinjwa, majirani wakaja na vigelegele. Mama akanikalisha mkekani, akanisogezea bakuli la maziwa mgando. Kwetu, mke hayagusi maziwa ya ukweni mpaka akaribishwe na wenyewe.

"Kula, MaGumede. Hapa ni kwako."

Nikapokea kwa mikono miwili. Machozi yakaniwahi kabla ya kijiko.

"Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru mimi," akasema, akinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Mimi nilikuwa nimeshapoteza mtoto. Wewe ndiye umenirudishia."